Kiti cha Kupimia Mwanga

Nilikuwa nimeshashusha mlango wa studio hadi nusu, yule mtu alipoinama akachungulia kwa chini. Jua lilikuwa limebakiza kama saa moja. Mke wangu alikuwa ndani anakunja pazia la bluu, nami nilikuwa natafuta kufuli, ambalo kila jioni nalitafuta utadhani lina miguu.

"Hodi. Fundi yupo?"

"Yupo, anafunga."

"Samahani kwa usumbufu. Ni picha ya familia. Mama yetu hawezi kutoka nyumbani, na watoto wote tumekusanyika leo tu."

Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooshwa pasi, sauti ya chini ya mtu aliyelelewa vizuri. Sikuona sababu ya kumkatalia. Alipokwisha kunielekeza nyumba, akaongeza neno moja.

"Uje na kile kipimo chako cha shingoni. Mama hapendi picha za kubahatisha."

Nilifurahi. Siku hizi nani anajali kipimo? Nilifurahi kama mpumbavu anayesifiwa kofia, wala sikujiuliza mama asiyetoka nyumbani amekionea wapi kilichomo shingoni mwangu.

Kipimo chenyewe ni cha marehemu baba, aliyekuwa mpiga picha kabla yangu. Kinaenea kiganjani. Juu kina kifuniko cheupe cha mviringo, kama nusu ya yai, na chini yake kioo chenye mshale na namba. Unakishika mbele ya uso wa mtu, kile cheupe kikiitazama kamera, unabonyeza, mshale unapanda na kusimama penye namba. Namba hiyo ndiyo unayofungulia lenzi. Kumi na sita, mwanga ni mkali. Kumi na moja. Nane. Tano nukta sita. Nne. Kila ukishuka namba moja, jua mwanga umepungua nusu. Hakina betri, kinaendeshwa na mwanga wenyewe.

Na hakimpimi mtu. Hilo nataka ulishike. Kinapima mwanga unaoangukia mahali. Ukae wewe, akae jirani yako, kiwe kiti kitupu, maadamu dirisha ni lile lile, namba ni ile ile.

Baba alizoea kusema kwamba jicho ni mwongo kwa sababu jicho linazoea. Ukikaa gizani kitambo unaanza kuona, ukadhani kumepambazuka. Kipimo hakizoei.

Mke wangu alikiita mke mwenza, kwa vile kinashinda kifuani kwangu mchana kutwa. Lakini yeye ndiye aliyekaa mbele yake kuliko mtu yeyote. Kila asubuhi, kabla hatujafungua, hukaa kwenye stuli ili nipange taa. Namshikia kipimo usoni, naye anauliza, "Inasoma ngapi, Fundi?"

"Nane," namjibu.

Akisikia nane ananyanyuka, tunaenda kufungua mlango. Miaka kumi na mitatu hiyo ndiyo imekuwa salamu yetu ya asubuhi. Watoto hatukujaliwa. Tulikuwa na studio, na tulikuwa na nane.

Jioni ile tulibeba stendi, kamera ya filamu na kitambaa cheupe cha kurudishia mwanga, tukaenda. Nyumba haikuwa na ajabu yoyote. Geti la bati, kamba ya nguo, ndoo ya maji mlangoni. Ila tulipoingia sebuleni nilisikia harufu. Harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi.

Nikatazama huku na huku. Hapakuwa na taa wala mshumaa.

Watu saba walikuwa wamesimama ukutani, wanaume kwa wanawake, wamepangana kabla sijawapanga. Katikati yao palikuwa na kiti cha mbao chenye mikono, kimewekwa chini ya dirisha moja kubwa. Mwanga wa jioni ulikuwa unakiangukia vizuri mno. Kiti kilikuwa kitupu.

"Mama yuko wapi?" niliuliza.

"Anajiandaa," alisema yule wa shati la pasi. "Wewe pima kwanza."

Nilisogea kwa mzee mmoja aliyesimama pembeni, nikanyanyua kipimo usoni pake. Akaweka kiganja chake juu ya kile cheupe. Polepole, bila ukali.

"Mimi nilishapimwa," alinong'ona.

Nikacheka kidogo. Wengine hawakucheka. Mke wangu akanitazama, na mimi nikamtazama, kama tunavyotazamana wateja wanapokuwa wagumu.

Sasa sikiliza kosa langu. Kila mpiga picha analifanya, hata hivi unavyosoma yupo anayelifanya. Mwenye kiti akichelewa na mwanga unakimbia, unamkalisha mtu mwingine mahali pake, unapima, unapanga kila kitu, ili akija ni kubonyeza tu. Kipimo hakimpimi mtu, si nimekwambia? Yeyote anafaa.

"Mmoja wenu akae nipime," nilisema.

Hakuna aliyejongea.

"Sisi hapo hatukai," alisema yule wa shati la pasi.

"Nitakaa mimi," mke wangu akasema. Akanipa kitambaa, akavuta gauni, akaketi. Akaweka mikono juu ya mikono ya kiti, akainua kidevu. "Haya, mke mwenza, nitazame. Inasoma ngapi, Fundi?"

Nilimshikia kipimo usoni. Nikabonyeza.

"Nane."

Na kweli ilikuwa nane. Kisha mshale ukaanza kushuka.

Tano nukta sita... nne... mbili nukta nane...

Nilitazama dirishani. Hapakuwa na wingu. Jua lilikuwa palepale, uso wa mke wangu ulikuwa palepale, unang'aa machoni mwangu kama kawaida. Mshale ukaenda hadi chini kabisa, ukalala.

Nyuma yangu mtu alivuta pumzi ndefu. Pumzi ya mtu aliyekunywa maji baada ya kiu.

Mshale ukapanda tena, ukasimama kwenye nane. Nikakitikisa kipimo. Nikajiambia umri, vumbi, uzee wa chuma. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Mke wangu aliinuka akijisugua mikono. "Kiti kina baridi hiki," alisema.

"Basi. Piga," alisema yule wa shati la pasi.

"Mama bado hajaja."

"Piga tu, Fundi. Mwanga unaondoka."

Ningefungasha vyombo nikaondoka. Ningeweza. Sijui kwa nini sikuweza. Niliweka nane, nikasimama nyuma ya kamera, nikawatazama watu saba na kiti kitupu. Chumba kizima kilikuwa kimya. Na katika ukimya ule, kiti kikalia, kama kinavyolia mtu anapokikalia.

Nikabonyeza.

Nyumbani mke wangu alifungua kitambaa cha kichwa, akapita mbele yangu, na nikaisikia ile harufu kwenye nywele zake. Utambi uliozimwa.

Asubuhi yake alikaa kwenye stuli kama siku zote. Nikamshikia kipimo.

"Inasoma ngapi, Fundi?"

Ilisoma tano nukta sita.

Nilikagua taa zote, zilikuwa zinawaka. Nikajishikia mwenyewe usoni: nane. Nikaweka kipimo juu ya stuli tupu: nane. Nikamwambia akae tena. Tano nukta sita. Taa zile zile, mahali pale pale, na nusu ya mwanga haikumfikia.

"Mbona unahangaika? Ngapi?"

"Nane," nilisema.

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake unaohusu kazi. Aliniamini, akanyanyuka, tukafungua mlango.

Mchana ule niliingia chumba cha giza nikaisafisha filamu. Nilipoivuta kutoka kwenye dawa na kuiinua mbele ya taa, niliitazama mara mbili. Kwenye filamu mambo huwa kinyume: palipopata mwanga panakuwa peusi, na pasipopata mwanga panabaki wazi kama kioo. Ukuta ulikuwepo. Dirisha lilikuwepo. Lakini mahali pa wale watu saba filamu ilikuwa wazi kabisa. Maumbo saba ya watu, kichwa, mabega, mikono, na ndani yake hamna kitu. Niliwaona kwa macho yangu, nikasikia sauti zao, na hawakurudisha hata chembe ya mwanga.

Na kiti hakikuwa kitupu.

Nilichapa picha. Alikuwa amekaa pale, mikono juu ya mikono ya kiti, kidevu kimeinuliwa. Mke wangu. Uso umependeza kuliko picha yoyote niliyowahi kumpiga. Nilipobonyeza kamera, mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika kitambaa.

Wiki ya pili, nne. Wiki ya tatu, mbili nukta nane. Niliongeza taa. Niliongeza nyingine. Nilimkalisha juani, saa sita mchana, uwanjani, kwa kisingizio cha kukijaribu kipimo. Jua lote lile, na mshale unajikokota. Ukimpiga kwa simu anaonekana sawasawa, kwa sababu simu nayo inajirekebisha yenyewe, mwongo kama jicho. Tulikwenda hospitali kwa kisingizio cha uchovu. Daktari akasema mama huyu ni mzima kuliko mimi. Tukaombewa. Asubuhi yake nikapima, imeshuka.

Mimi nilikuwa namwona vilevile. Jicho langu lilikuwa linazoea. Watu wa nje ndio walioanza kutomwona. Mteja aliingia akanipa mkono, akampita yeye aliyekuwa amemnyooshea wake. Mwingine alimkanyaga mguu akaomba radhi kwa stendi. Ikaja siku mama jirani, ambaye amekula kwetu na kulala kwetu, akasimama dirishani akaniuliza, "Shemeji, mwenzio kasafiri? Simwoni siku nyingi."

Mke wangu alikuwa amekaa kati yetu, anachambua mboga.

Alicheka. "Nimekonda mpaka sionekani," akasema. Jirani hakugeuza hata shingo.

Usiku ule aliniuliza mara mbili kama nimelala. Nikajifanya nimelala. Niliogopa angeniuliza swali ambalo jibu lake ninalo.

Kesho yake nilichukua picha, filamu, kamera na kipimo, nikarudi kwenye ile nyumba. Ilikuwa asubuhi, watu wanaenda kazini. Nilitarajia nikute gofu, au uwanja wa majani, nipate angalau kusema nilichezewa na mashetani. Sivyo. Geti la bati, kamba ya nguo, ndoo ya maji. Yule wa shati la pasi akanifungulia, akanikaribisha kwa adabu.

Wale wengine walikuwa wamesimama ukutani, mahali pale pale. Sasa harufu ya utambi ilitoka kwao, nikaijua.

Kwenye kiti chini ya dirisha alikuwa amekaa mwanamke mzee, anamenya chungwa. Mashavu yake yalikuwa yanang'aa.

"Karibu, Fundi," alisema.

Wateja wote huniita Fundi, lakini kwa sauti ile ya utani ni mke wangu peke yake.

Niliweka picha na filamu magotini pake. "Mama, chukua vitu vyako," nilisema. "Nirudishie mke wangu."

"Sikumchukua. Alikaa mwenyewe." Aliitazama picha, akaipenda. "Na wewe ulipima mwenyewe, ukapiga mwenyewe. Mimi nilingoja tu chumbani."

Bila kumwomba ruhusa nilinyanyua kipimo mbele ya uso wake, nikabonyeza. Mshale ulipanda ukapita nane. Ukapita kumi na moja. Ukasimama kwenye kumi na sita, ndani ya chumba, asubuhi, dirisha moja.

"Hawa wote walikaa hapa?" nilinong'ona, nikiwaonyesha wale wa ukutani.

"Wote. Mwanga hauhifadhiki, baba. Unaisha kila siku, unatafuta mwingine."

Yule mzee wa pembeni alifumba macho. Nilimtazama, na akilini nikamwona mke wangu amesimama karibu naye, wa nane, akimnong'oneza fundi mwingine kwamba yeye alishapimwa. Nililia. Sioni haya kusema. Nilipiga magoti kwenye ile sakafu nikamshika mama yule miguu, mimi niliyemzika baba bila kutoa chozi.

"Nichukue mimi badala yake."

Aliendelea kumenya. Ganda la chungwa lilikuwa halijakatika, linaning'inia refu.

"Inuka," alisema. "Kaa."

Alinipisha kiti. Kilikuwa na baridi kweli, baridi iliyopanda hadi menoni. Akanivua kipimo shingoni, akakishika mbele ya uso wangu kwa mkono wa mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Akabonyeza. Akatazama kioo. Hakunionyesha. Yule wa shati la pasi akachukua kamera yangu, akarudi nyuma hatua tatu. Nikasikia ikibonyezwa.

"Nenda nyumbani," alisema mama yule. Na akavuta pumzi, ile ya baada ya kiu.

Nilichukua kipimo na kamera yangu, nikatembea haraka, karibu nikimbie, moyo mwepesi wa mtu aliyelipa. Nilikuwa nimefika nusu ya njia nilipokumbuka. Nilimwambia badala yake. Hakusema ndiyo. Nikarudia maneno yake yote kichwani, moja baada ya jingine. Hakusema ndiyo popote.

Nilimkuta mke wangu studio, anafagia. Nilimkalisha kwenye stuli bila hata kumsalimia. Nikapima.

Mbili.

"Inasoma ngapi, Fundi?"

"Nane."

Hiyo ni siku tisa zilizopita. Filamu niliyopigwa kule bado imo ndani ya kamera, sijaisafisha na sitaisafisha. Usoni kwangu pia sijapima. Juzi niliingia dukani kwa fundi viatu, nikamsalimia mara tatu ndipo akainua kichwa, akasema alikuwa na mawazo. Inawezekana. Kila mtu ana mawazo. Majirani wameanza kusema studio imefungwa, ingawa mlango tunafungua kila siku.

Leo asubuhi nilipoingia, stuli ilikuwa tupu na yeye amesimama kando yake. Namwona vizuri. Kila nywele naiona.

"Leo kaa wewe," alisema.

"Kwa nini?"

"Kaa tu, mume wangu."

Hajaniita hivyo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Nikakaa. Alinivua kipimo taratibu, akakigeuza kile cheupe kikaitazama kamera, sawasawa, kama nilivyomfundisha. Akakishika mbele ya uso wangu. Akabonyeza. Sikuutazama mshale, nilimtazama yeye. Alitazama kioo muda mrefu. Akasogeza taa kidogo. Akabonyeza tena. Midomo ilimtikisika mara moja, akaibana.

Ndipo nilipojua kwamba wiki zote zile, kila nilipomdanganya, alikuwa anajua.

"Inasoma ngapi?" niliuliza.

Akanitazama usoni, akatabasamu.

"Nane," alisema.

Nikanyanyuka. Tukaenda kufungua mlango.